Amana ya Bwana Kifaru

Katika mitaa ya Mji wa Kale hapa Mombasa, mtu akifariki kuna mambo mawili huulizwa kabla matanga hayajaondoka. La kwanza ni kama marehemu anadai au anadaiwa. La pili ni kama alikuwa amewekewa amana na mtu. Mali nyingine yoyote ina mafungu yake, na kila mrithi hulijua fungu lake. Amana haina mrithi. Ni ya mwenyewe, hata kama amekwisha kuisahau.

Nyanya yangu alipofariki mwaka 1998, nyumbani kwetu Kuze, hakuacha deni. Amana aliacha moja: kitabu kidogo cha rangi ya kahawia, kisichozidi kiganja cha mkono, kimefungwa kwa kipande cha leso na kutiwa chini kabisa ya sanduku lake la njumu. Kilikuwa kitabu cha askari wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia.

Mwenye kitabu hatukumjua. Sisi wajukuu tulimsikia tu akitajwa kwa jina la Bwana Kifaru. Alikuwa Mkamba, dereva wa lori kule Kilindini, aliyepanga chumba chetu cha uani tangu 1946 hadi 1950. Jina hilo alibandikwa na watoto wa mtaa kwa sababu ya sweta yake ya jeshi, iliyoshonewa beji yenye kichwa cha kifaru. Kwa maneno ya nyanya alikuwa mtu mtaratibu, asiye na makuu, mwenye kulipa pango lake kila mwisho wa mwezi. Hata wakati wa mgomo mkubwa wa Januari 1947, wafanyakazi wa Mombasa walipoweka chini zana na mji ukasimama kwa siku kumi na mbili, yeye alilipa.

Mwaka 1950 akashikwa na maradhi. Kazi ikakatika, na pango la miezi mitatu likamlemea. Akafunga virago kwenda kwao kujiuguza. Siku ya kuondoka alimpa nyanya kile kitabu kwa mikono miwili, akamwambia atarudi kukichukua. Hakurudi.

Hapo ndipo ilipozuka hitilafu katika nyumba yetu. Ami yangu, kifungua mimba wa nyanya, alishika kwamba kile kitabu si amana bali ni rehani. Mtu alikuwa na deni, akaacha kitu, deni halikulipwa. Basi mwenye kudai ana haki ya kukiuza kitu kile ajilipe. Nilipomkumbusha kwamba nyanya mwenyewe siku zote alikiita amana ya watu, ami alinijibu, "Mamangu alikuwa na huruma nyingi. Hakupenda kumwita mtu mdaiwa." Ami ni mtu wa hesabu, na katika hesabu zake sijawahi kuona kosa. Lakini nilishika upande wa marehemu. Kitabu nikakitia katika kabati langu, na kwa miaka mitano mimi na ami tulisalimiana kwa adabu na kulikwepa jambo hilo.

Msomaji, nisingelikuwa na hadithi ya kukusimulia lau si mtalii mmoja wa Kijerumani. Mwaka 2003 ami alimdokezea mwenye duka mmoja wa vitu vya kale kwamba kwetu kuna kitabu cha vita. Wanunuzi wa vitu hivyo wapo ulimwenguni, tena hutoa fedha nzuri. Haikupita wiki akaja mzungu mzima wa makamo, ameandamana na kijana wa duka, akaketi barazani akapewa kahawa. Nikamtolea kitabu. Alikipekua polepole, ukurasa kwa ukurasa, akataja bei. Ami akanitazama. Nikamwambia mgeni kwamba kitu hiki ni amana, nikamfahamisha amana ni nini. Nilidhani atapandisha bei. Badala yake alikifunga kitabu, akanirudishia, akasema na yeye nyumbani kwao anacho kimoja.

Cha kwake kilikuwa cha babu yake, askari wa jeshi la Ujerumani katika vita hivyo hivyo. Kwa Kijerumani huitwa Soldbuch, yaani kitabu cha mshahara. Kila askari alitakiwa awe nacho wakati wote, katika mfuko wa kifuani upande wa kushoto. Ndani yake mliandikwa jina lake, kimo chake, vikosi alivyopitia, chanjo alizodungwa, hospitali alizolazwa, likizo alizopewa, nishani alizotunukiwa na jina la mtu wa kupelekewa habari akifa. Hata viatu na blanketi alizokabidhiwa ziliandikwa. Namba ya kile kibati alichovaa shingoni ilikuwamo pia, na kwa namba hiyo jamaa zake wangeweza kuulizia katika ofisi moja ya Berlin iliyofunguliwa mwaka 1939 na ambayo kadi zake zinapita milioni 18. Ofisi yenyewe tangu 2019 imeunganishwa na Nyaraka za Taifa za Ujerumani.

"Kwetu," alisema yule mgeni, "tuliambiwa babu alikuwa shujaa wa vifaru vya vita. Kitabu kikasema alikuwa mwokaji mikate." Akacheka, nasi tukacheka. Hata ami alicheka. Kisha akatupa somo ambalo mimi sikulisahau. Alisema vitabu kama hivi havisomwi kwa maneno, kwa sababu maneno ni machache na ya kikarani. Husomwa kwa tarehe na mihuri. Tazama chanjo imepigwa lini, utajua askari alisafirishwa lini. Tazama likizo, utajua ni wakati gani hakuwako vitani. Na kurasa zilizoachwa tupu, alisema, hizo nazo zisome.

Akamaliza kahawa yake akaenda zake. Ami hakusema neno.

Kabla sijaendelea niseme jambo moja kuhusu thamani ya karatasi kwa watu wa vita. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, Waafrika waliompigania Mjerumani chini ya Jenerali von Lettow-Vorbeck walifika mwisho wa vita, Novemba 1918, bila kulipwa mishahara yao. Walipewa vyeti tu. Mwaka 1964, mwaka aliokufa jenerali huyo, bunge la Ujerumani Magharibi likakubali waliosalia walipwe. Inasimuliwa kwamba ofisi ilifunguliwa Mwanza, wakajitokeza wazee kama 350. Wenye vyeti walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa, wengine mikono mitupu. Mlipaji akapata wazo: kila mzee akapewa ufagio badala ya bunduki, akaamrishwa kwa Kijerumani, begani, chini, heshima. Baada ya karibu miaka hamsini hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Hadithi hiyo watu huicheka, na ni ya kuchekesha kweli. Mimi huwafikiria zaidi wale ambao hawakupewa hata ufagio. Wapagazi wa vita hivyo, wale walioacha jina la Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi, walikufa kwa makumi ya maelfu na wengi wao hawakuacha hata mstari mmoja wa maandishi. Vita vya pili vilipokuja, karibu Wakenya 98,000 waliingia jeshini. Walipoachiliwa, kitabu au cheti kilikuwa ndicho shahidi wao. Kwa karatasi hiyo mtu aliomba kazi ya udereva, alijieleza mbele ya polisi, alidai alichostahiki kudai. Bwana Kifaru alikiacha kwa nyanya. Nilimwambia ami: mtu anayetaka kukimbia deni huacha koti bovu, haachi mkono wake wa kulia.

Basi nikaketi na kile kitabu kwa mtindo niliofundishwa. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina, namba, kabila, wilaya, ambayo ni Kitui, lokesheni na jina la chifu. Picha haikuwamo. Mahali pa sahihi palikuwa na alama ya kidole gumba, wino wake bado mweusi, mistari yake yote ikionekana. Kikosi kiliandikwa kwa herufi tano, EAASC, yaani idara ya uchukuzi ya jeshi la Afrika Mashariki. Kazi yake dereva. Kuandikwa jeshini, 1942. Kuachiliwa, 1946. Tabia njema. Homa ya malaria mara tatu, mbili kati ya hizo mwishoni mwa 1944.

Hiyo malaria ndiyo iliyonifungulia mlango wa kwanza. Nikaazima vitabu vya historia, nikakuta kwamba beji ya kichwa cha kifaru ilikuwa ya divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Divisheni hiyo iliwekwa kwanza Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kisha katikati ya 1944 ikapelekwa Burma kuwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw. Ulikuwa msimu wa masika ya kule, mvua isiyokatika, na bonde lenyewe lilisifika kwa malaria na homa za utitiri. Malori yalizama katika tope hadi kwenye sakafu. Barabara zilitandikwa magogo, na pale gari liliposhindwa, mzigo ulibebwa na nyumbu, au na watu. Mwanzoni mwa Desemba 1944 askari hao waliingia mji wa Kalewa kwenye mto Chindwin, na hapo likajengwa daraja la vyuma lenye urefu wa futi 1,154. Mtu aliyewahi kuendesha lori katika mambo hayo, barabara za Kilindini zilikuwa kwake mchezo wa watoto.

Lakini kulikuwa na mstari mmoja mwingine uliokuwa ukinirudisha kila nikiufunga ukurasa. Ulisema kwa ufupi: amepakiwa melini Mombasa, Februari 1944, ameteremka Colombo, Februari 1944. Basi. Jina la meli halikuandikwa.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Nyanya nilimsikia akimzungumza Bwana Kifaru kwa kirefu mara moja tu, nayo ilikuwa wiki ile ya Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka na watu 272 wakafa maji. Mombasa nzima ilikuwa matangani. Nyanya alikuwa amekaa ukumbini na tasbihi yake, mara akasema peke yake, "Bwana Kifaru hakuipanda feri hata siku moja. Miaka yote minne. Lori likitakiwa Likoni, humpa mwenziwe. Hata pale Fort Jesus akipita, hupita upande wa ukuta, bahari ameipa mgongo." Sisi tukaona ni mtu wa bara, hajazoea maji. Maneno yakapita.

Sasa, miaka tisa baadaye, nikiwa na vitabu vya historia mezani, nikasoma habari hii. Mapema Februari 1944 msafara wa meli tano zilizojaa wanajeshi uliondoka Kilindini kwenda Colombo, ukisindikizwa na manowari. Mojawapo iliitwa Khedive Ismail. Ilikuwa na watu 1,511, wengi wao Waafrika wa kikosi cha mizinga cha 301, pamoja na wauguzi wanawake waliokuwa wakienda kuhudumia majeruhi. Jumamosi, tarehe 12, mchana, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa makombora mawili ya majini. Ilizama kwa muda usiotimia dakika mbili. Wengi walikuwa chini, ndani ya meli, na hawakupata nafasi ya kupanda ngazi. Walikufa watu 1,297.

Meli nyingine nne zilitawanyika mbio, kwa kuwa meli ya askari ikisimama huwa shabaha. Manowari mbili, Petard na Paladin, zilibaki. Zilikuwa na kazi mbili zisizopatana: kuokota watu majini, na kuiwinda nyambizi iliyokuwa imejificha chini ya watu hao hao. Mabomu ya kina yalitupwa hali ya kuwa wapo waliokuwa bado wanaogelea. Mwisho nyambizi iliangamizwa. Walionusurika katika Khedive Ismail walikuwa watu 214.

Majina ya askari wetu waliopotea humo yamechongwa katika ukumbusho ulioko kwenye makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, Nairobi. Hapa Mombasa, mahali walipokanyaga ardhi kwa mara ya mwisho, nimewauliza wanafunzi wangu darasani, mwaka baada ya mwaka, na sijampata aliyewahi kuisikia meli hiyo. Titanic wanaijua hadi jina la nahodha wake.

Usiku ule nilikwenda kwa ami nikamsomea. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali la mtu wa hesabu: "Chifu aliyeandikwa humo ni wa wapi?" Nikamwambia ni wa Kitui, na bila shaka amekufa zamani. "Chifu hufa," akasema, "lokesheni haifi." Barua tuliiandika sote wawili, yeye akinisahihisha. Tuliituma kwa chifu wa lokesheni ile, yeyote awaye, tukimwomba alitaje jina la askari yule katika baraza yake. Zikapita wiki saba. Siku moja baada ya alasiri simu ikalia, na sauti ya mwanamume mtu mzima ikasema kwa Kiswahili cha darasani kwamba jina lililosomwa barazani ni la baba yake.

Alikuja kwa basi la usiku, akashuka Mwembe Tayari alfajiri, akatembea kwa miguu hadi Kuze huku akiuliza njia. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mvi kichwa kizima, suti yake imekunjamana kwa safari. Nilimkaribisha chai na mahamri. Nikataka kumletea kitabu, akaninyoshea mkono kunizuia.

"Kwanza, mwalimu mwenzangu, nioneshe nani mkubwa wa nyumba hii."

Nikamwita ami. Mgeni akasimama kumpa mkono. Akaeleza kwamba baba yake alifika nyumbani mgonjwa, akaishi majuma matatu tu. Katika majuma hayo alimwambia mkewe mambo mawili. La kwanza ni meli aliyoiona ikitoweka huku wakiitazama, na kwamba wao walizidi kwenda mbele. La pili ni kwamba anadaiwa na Mswahili mmoja wa Kuze. Mama naye akamwachia mwanawe maneno hayo alipokuwa akikata roho. "Jina la mwenye nyumba hakulijua," akasema. "Kuze ina nyumba ngapi? Nimepita Mombasa mara tatu katika maisha yangu, na kila mara nimeona haya." Kisha akauliza, "Lilikuwa kiasi gani?"

Ami aliingia ndani, akatoka na daftari la marehemu babu yangu, ambalo hata mimi sikujua kwamba bado lipo. Akavaa miwani. Pango la chumba cha uani lilikuwa shilingi 12 kwa mwezi. Miezi mitatu, shilingi 36.

Mgeni akatoa bahasha yenye noti za elfu elfu akaiweka juu ya mkeka. Nilimtazama ami, na nakiri moyo ulinidunda. Ami akaisukuma bahasha ile kwa kidole hadi ikarudi kwa mwenyewe. "Deni ni lile lile," akasema. "Hatukumkopesha kwa riba."

Yule mzee akapapasa mifuko yake, akapata sarafu mbili za shilingi ishirini. Ami akazipokea, akamrudishia shilingi nne.

Ndipo nilipomkabidhi kitabu. Alikifungua ukurasa wa kwanza. Alipouona mstari wa jina akausoma kwa sauti ndogo, na alipofika penye alama ya dole gumba hakusema chochote. Alivua miwani, akalipanguza dole gumba lake kwa leso, akaliweka juu ya ile alama, akaliacha hapo kwa muda. Picha ya baba yake, alituambia baadaye, hawakuwa nayo hata moja.

Ami alikuwa bado anaandika. Alipomaliza akaichana karatasi katika lile daftari, akampa: pango la miezi mitatu, mwaka 1950, limelipwa. Mgeni akaisoma, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya kitabu katika moja ya zile kurasa tupu.